Redio Iliyoimba Kaplong na Kunyamaza Roret

Vijana wa Kaplong, nyinyi mnaokaa kwenye vibanda vya kioo mkiwa na taa kichwani, nawaona. Nikija sokoni kununua sukari nawapitia polepole, najifanya naangalia viatu vya mtumba, kumbe nasikiliza. Mteja anasema tu "imezima," na bisibisi tayari iko ndani. Ala! Hujamuuliza ilizima ikifanya nini. Hujamuuliza ilikuwa imewekwa wapi. Hujamuuliza kama iliingia chooni, na mnajua vile simu za siku hizi zinapenda choo.

Msinikasirikie. Mimi ni Momanyi, na nimetengeneza redio hapo hapo Kaplong mpaka macho yakakataa kuona ncha ya waya. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai upande wa Kericho, nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni, na Kiswahili changu nilikipata kwenye zile laini za nyumba za wafanyakazi, mahali kila mlango ulikuwa na kabila lake na harufu yake ya mboga. Siku hizi nina wajukuu na ng'ombe. Ng'ombe ndio wanaonisikiliza. Kwa hivyo leo, kabla hamjarudi kwa simu zenu, nisikilizeni na nyinyi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa anaitwa Barasa, mtu wa Bungoma, mwembamba, mkali kama pilipili. Nikigusa skrubu kabla sijamhoji mteja, Barasa alinipiga vidole kwa kile kitambaa chake cha kufutia mikono. "Mdomo kwanza, bisibisi baadaye!" Na mdomo ukishamaliza, pua. Amplifaya iliyoungua ina harufu yake, kali, inashika koo, na ukiijua hutahitaji mita kukuambia. Baada ya pua, mkono: umeme ukiwa umezimwa, papasa polepole, uone wapi pana joto na wapi pamelegea. Mita, mwanangu, inakuja mwisho. Mita inathibitisha tu kile ambacho tayari unashuku.

Nilimwona Barasa akitengeneza sistimu ya hoteli moja bila kutoa chombo chochote mfukoni. Mwenyewe alilalamika kwamba redio inaunguruma usiku na mchana. Barasa aliuliza ilianza lini. Ilianza na baridi ya Julai. Akainama, akanusa, akacheka, akaigonga kwa ngumi. Mende walitoka humo kwa wingi mpaka mhudumu wa hoteli akapanda juu ya kiti akipiga nduru! Mende wa huku si wajinga. Baridi ikianza wanatafuta transfoma, maana ndiyo jiko lao.

Na nyinyi mnaodhani kaseti zimekufa, subirini. Bado kuna nyumba nyingi kwenye hii milima ambako dek ya kaseti iko sebuleni na inafanya kazi. Mkiletewa, msishtuke. Sauti ikiwa imefifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, futa ile hedi, kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti kabla hujafikiria jambo lingine. Kwaya ya kanisa ikianza kuimba kama imetoka kulewa, ni belti imelegea. Ukigeuza volyumu na inakwaruza, usiuze spika mpya, hiyo ni dhambi. Ni vumbi. Izime, igeuze kwenda na kurudi mara nyingi, utie dawa ya kusafishia, basi. Mteja atakuona mchawi.

Sasa nawaambia juu ya Mzee Arap Tonui wa Roret, kwa sababu ya huyo mzee ndiyo nimewasimamisha hapa.

Mzee huyu alifanya kazi kiwanda cha chai, upande wa kukausha majani, na alipostaafu alijinunulia sistimu. Si hizi wufa zenu za plastiki zinazowaka taa za disko. Sistimu! Dek chini, redio katikati, amplifaya juu kabisa, na spika mbili za mbao zilizofika mtu magotini. Niliipanga mwenyewe. Amplifaya niliiweka juu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayopata joto, na joto linataka kupanda liende zake. Mzee alisimama nyuma yangu akitikisa kichwa. "Hapo umesema," aliniambia. "Hata majani ya chai yakinyimwa hewa yanaharibika."

Alikuwa mwimbaji. Sauti ya nne, ile besi ya chini kabisa, kwenye kwaya ya kanisa lao. Walikuwa wamerekodi kaseti moja, na kaseti hiyo ndiyo alikuwa akisikiliza kila jioni, akiimba pamoja na yeye mwenyewe. Na mjue desturi ya boma lile: redio ilikuwa ya mzee. Watoto hawakuigusa, mama, mke wake, hakuigusa. Mama alikuwa jikoni, na jikoni kwao ni nyumba nyingine kule nje, kwa hivyo yeye alisikia nyimbo kupitia ukutani tu.

Krismasi moja walipaka nyumba rangi, na baadaye mzee akanijia Kaplong amekasirika kweli kweli.

"Fundi, wamenitoa kwa kwaya."

"Nani amekutoa, Mzee?"

"Sijui! Nasikia wamama wote wanaimba. Nasikia sauti ya tatu. Mimi sipo!"

Nilicheka mpaka akaanza kucheka naye. Shika hii, kijana, itakusaidia: mtu alipounganisha spika upya alipindua waya za moja, nyekundu ikaenda kwa nyeusi. Hapo spika moja inasukuma hewa na nyingine inavuta, na sauti nene zinauana katikati ya chumba. Nyembamba zinabaki. Ukitaka kujua, chukua betri ndogo ya tochi, gusisha waya za spika kidogo tu. Karatasi ya spika ikiruka mbele, upande wa juu wa betri umegusa waya wa chanya. Ikirudi nyuma, umepindua. Nilienda Roret, nikabadilisha waya mbili, mzee akajisikia tena. Alifumba macho akasema, "Nimerudi." Mama akanipa mursik, nikanywa, na mimi Mkisii nilikuwa nimeapa siwezi maziwa yenye mkaa. Usiseme hutaki kabla hujaonja.

Ikapita miaka. Halafu mzee akapata kiharusi.

Kilimchukua upande wote wa kulia na kikachukua maneno. Alirudi kutoka hospitali akiwa anaweza kutoa sauti ya kuguna tu. Lakini siku moja mama aliweka ile kaseti, kwa kumwonea huruma, na mzee akaanza kuguna ile besi yake. Bila maneno, lakini kwa mahali pake kabisa! Na kaseti ikiendelea, alikula. Kijiko kwa kijiko, alimeza uji vizuri. Muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia alifurahi sana, akasema mama asiache hata siku moja, maana ule mguno unazoeza koo, na mtu anayetaka kuimba ni mtu anayetaka kuishi.

Kisha, mama alipoanza kuicheza mlo baada ya mlo, redio ikaanza kukata. Katikati ya chakula, kimya. Na mzee akisikia kimya anafunga mdomo, anageuka ukutani. Mama anabembeleza, mzee hataki. Uji unapoa. Alikonda, jamani. Mashati yake yalianza kumvaa yeye.

Mama Chelang'at, ndivyo tunavyomwita mama wa boma hilo, alikuja kwangu na boda boda, amplifaya iko mapajani, ameifunga kwa shuka kama mtoto mgonjwa.

"Chamgei, Fundi."

"Chamgei, Mama. Umebeba nani huyo?"

"Ni hii redio ya mzee. Inakataa. Na ikikataa, yeye pia anakataa." Akafuta macho kwa kona ya shuka. "Fundi, nisaidie. Huyu mtu ataniacha."

Nilifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilifungua, nikanusa: hakuna kuungua. Nikatazama solda, ile lehemu ya viungo, kwa kioo cha kukuzia, na mjifunze hili, solda iliyochoka ina duara jembamba kama ufa, ikipata joto inaachana, ikipoa inashikana. Nilirudia zote nilizoshuku. Nikapiga vumbi, nikapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, nikaangalia fyuzi. Nikaiwasha hapo mezani. Iliimba kutwa nzima, mpaka mwenye duka la jirani akaniomba niizime. Nikamrudishia mama.

Ilipofika Roret, ikakata siku hiyo hiyo.

Akairudisha. Ikaimba tena kwangu kutwa. Akaipeleka. Ikakata. "Fundi," mama aliniambia, na hapo hakuwa anacheka, "kwako inaimba, kwangu inanyamaza. Ni mimi haitaki?" Jirani mmoja alishaanza kumwambia nyumba inahitaji maombi. Haki, niliumia. Redio inayoharibika ni rahisi. Redio inayoharibika mahali pamoja tu ndiyo inayonyima fundi usingizi.

Nikamwambia, "Mama, kesho nakuja mwenyewe."

Nikaenda na sanduku langu la vyombo. Nilikuta sebule, walikomwekea mzee kitanda, imeondolewa kila pambo, viti vimesogezwa, meza iko wazi, redio iko wazi. Nilipima stima, kwa sababu Roret ile laini ikienda mbali stima inachoka. Ilikuwa sawa. Nilikagua waya za spika, zisiwe zinagusana mahali. Sawa. Niliisogeza mbali na ukuta, nikaiwasha, nikaketi. Iliimba upande wa kwanza wa kaseti, ikaimba wa pili. Mzee aliguna, akala. Mama alinitazama kama malaika. Nikaondoka nimevimba kichwa.

Kabla sijafika nyumbani simu ililia. Imekata.

Mwana wao wa Nairobi alikuwa ameleta spika ya simu. Mzee aliisikiliza kidogo akageuka ukutani, nyimbo zake hazikuwa mle. Mimi nikawaazima redio kaseti yangu ndogo. Kaseti ilicheza vizuri, lakini spika zake ni kama kisosi. Hazina besi. Mzee alisikiliza, akatafuta mahali pake kwa mguno, hakupaona. Alianza kulia, machozi upande mmoja. Mama aliizima yeye mwenyewe. Wamemtoa kwa kwaya mara ya pili, nikawaza, na safari hii hawezi kunijia Kaplong kunigombeza.

Sasa sikilizeni vile jambo hili lilivyopinduka, kwa sababu si ujanja wangu.

Jumapili moja nilikuwa na arusi upande ule. Nilivaa koti, nikavaa kofia yangu nzuri, sina hata bisibisi. Arusi ilipomalizika nikasema, acha nimpitie mzee nimsalimie tu. Sikupiga simu. Sikwenda kama fundi. Nilienda kama mgeni.

Nilipoingia sikuitambua sebule. Ilikuwa nyeupe! Kila kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina chake, spika zina vyao. Mnajua nyumba zetu. Mgeni haonyeshwi kiti uchi. Na juu ya sistimu palikuwa na kitambaa kikubwa kuliko vyote, kimefumwa kwa sindano, maua ya waridi yamezunguka pembeni, na pindo zake zimeshuka pande zote tatu kama sketi.

"Mama," nikasema, "hivi vitambaa sikuviona siku ile."

"Ai, Fundi! Siku ile si ulikuwa unakuja na solda? Zamani fundi mwingine alinichomea kitambaa cha kiti, kutoka hapo nikajua. Fundi akisema anakuja, mimi natoa vyote naweka ndani. Lakini leo wewe ni mgeni. Keti."

Nikaketi. Alileta chai, akaleta uji wa mzee, akamwinua kwa mito. Akainua ukingo wa kile kitambaa mbele kidogo tu, akabonyeza kaseti, akaachilia kitambaa kirudi. Kwaya ikaanza. Mzee akaguna. Kijiko cha kwanza kikaingia, cha pili kikaingia.

Halafu mzee akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanyoosha kidole kwenye sistimu. Hakuushusha.

Mama akaweka bakuli chini. Macho yake yalijaa. "Unaona, Fundi? Kila siku hivi. Hicho kitambaa kilishonwa na Chelang'at wetu. Alikipima mwenyewe hapo juu ya redio, akakifuma akiwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Hakumaliza chuo. Aliugua, Mungu akamchukua. Sasa baba yake kila akikiangalia anamkumbuka, na mimi nikiona hivyo siwezi..." Akalia. Na mzee, alipomwona analia, akashusha mkono. Hakushusha kama mtu aliyemaliza. Alishusha kama mtu aliyekata tamaa.

Redio ikakata. Mzee akageuza uso ukutani.

Nilisimama nikaingiza mkono chini ya kile kitambaa. Woi! Joto lilikuwa kama la sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Vijana, amplifaya nzuri inajilinda. Ikizidiwa na joto inajikata yenyewe kabla haijaungua, na ikipoa inarudi kama hakuna lililotokea. Yale matundu ya juu ndiyo pua yake. Kaplong ilikuwa inapumua mezani kwangu. Siku nilipokuja na sanduku ilipumua, kwa sababu mama alikuwa ametoa vitambaa akiningoja. Siku zote nyingine ilikuwa imefunikwa pua.

Basi nilikuwa nimepata ugonjwa, na sikufurahi hata kidogo. Nimwambieje mama huyu? Nimwambie kazi ya mikono ya mtoto wako aliyekufa ndiyo inayomnyima mume wako chakula? Kuna kazi za kulehemu na kuna kazi kama hiyo, na ya pili hakuna shule inayofundisha. Kwa muda nilifikiria kudanganya, niseme nitaleta feni ndogo niipachike nyuma. Kisha nikasikia kitambaa cha Barasa kwenye vidole vyangu. Mdomo kwanza. Nami nilikuwa nimeuliza mama, nimeuliza jirani, nimepima hata stima. Mwenye redio alikuwa ndani ya chumba siku zote na sikuwa nimemuuliza lolote. Sisi sote tulikuwa tunaongea juu ya kichwa chake.

Nikavuta kiti mpaka kitandani kwake.

"Mzee Tonui. Ni mimi, Momanyi. Nataka kukuuliza, na wewe unipige kofi hapa kitandani kama nimesema ukweli. Zamani, kabla ya kucheza kaseti, ulikuwa unakitoa hiki kitambaa?"

Aligeuka. Kisha akapiga godoro kwa kiganja, pa!

"Na ukimaliza unakirudisha?"

Pa!

"Na hizi siku zote unapoonyesha kidole, unamwambia mama akitoe?"

Pa! Pa! Pa! Alipiga mpaka mto ukaanguka. Machozi yalimtoka, lakini kichwa alikuwa anakitikisa juu chini, juu chini.

Mama Chelang'at alikuwa amesimama katikati ya sebule. "Hapana," alisema. "Hapana, Fundi, hicho usikiguse. Hicho ndicho peke yake aliniachia."

"Sitakigusa, Mama. Siwezi."

Nikamweleza yote, polepole, kuhusu joto na matundu na vile redio ilivyokuwa inajilinda. Sijui kama alinisikia. Alikuwa anamwangalia mume wake. Mzee alikuwa amenyoosha ule mkono tena, lakini sasa kiganja kimefunguka, kama mtu anayesema lete.

Alienda yeye mwenyewe. Alikiinua kwa pembe mbili, akakikumbatia kidogo, akampelekea. Mzee akakipokea kifuani. Na pale pale, kwa mkono ule mmoja, akaanza kukikunja. Kwanza nusu. Akakibana kwa kidevu, akakikunja tena. Robo. Akalaza kiganja juu akanyoosha mikunjo mpaka ikatulia.

Mama alikitazama kile kitambaa na mdomo ukabaki wazi.

"Hiyo mistari," alisema.

"Mistari gani, Mama?"

"Jumamosi nafua, napiga pasi, naweka. Ikifika katikati ya wiki kina mistari miwili, moja hivi, moja hivi. Miaka yote! Nilichapa watoto kwa hiyo mistari. Niliwaambia nyinyi mnachezea kitu cha dada yenu." Sauti yake ilianza kupanda. "Kumbe ni wewe? Tonui! Kumbe ni wewe?"

Mzee akapiga godoro. Pa.

Na mama akalipuka. Alishika kiuno! Alianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, akamalizia kwa Kipsigis kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Yaani wewe ulijua? Unatoa kitambaa changu kila jioni, unakunja kama gunia la mbolea, unarudisha kimya kimya kama mwizi, na huniambii? Nimekuja Kaplong na boda boda kwa mvua! Jirani anataka kuleta watu waombee nyumba! Ungeniambia ukiwa na mdomo, wewe mtu!

Nilitaka kumzuia. Mgonjwa hagombezwi, ndivyo tunavyojua. Lakini nilipomwangalia mzee, nikaacha. Alikuwa anacheka. Nusu ya uso tu ilikuwa inaweza, na hiyo nusu ilicheka yote. Tangu augue, kila mtu aliyeingia chumba kile aliongea naye kwa sauti ya kanisani. Mama mwenyewe alikuwa anamwambia pole, Mzee, kula kidogo, Mzee, kama anaongea na mgeni wa mbali. Leo ndiyo mara ya kwanza mke wake alikuwa amemwita kwa jina na kumgombeza kama mume.

Amplifaya ilikuwa imepoa. Nilibonyeza kaseti, kwaya ikaingia pale ilipoachia. Mzee akatafuta besi yake, akaipata, kitambaa kiko kifuani chini ya kiganja. Mama akachukua bakuli, akaketi kando yake, bado anamfokea, kijiko hewani.

"Fungua mdomo! Na usidhani nimemaliza."

Akafungua.

Nilichukua kofia yangu nikatoka bila kuaga. Nilisimama kidogo nje, karibu na ua wa saipresi, mvua ya jioni ikianza kudondoka juu ya majani ya chai. Kaseti ilifika mwisho wa upande wa kwanza, ikageuzwa, ikaendelea. Na juu ya kwaya nilikuwa namsikia mama, sauti yake imepanda, na chini yake ule mguno wa mzee ukimjibu, na hakuna aliyekuwa anataka kuwa wa kwanza kunyamaza.